Aliyeandikwa na Aliyekwenda

Nimepokea barua kutoka Bukoba. Mwandishi wake ananieleza kwamba kijiweni kwao palizuka ubishi mkali baina yake na rafiki yake kuhusu vita vya Iraq vya mwaka 2003. Yeye alisema Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoungana na Marekani katika vita vile. Rafiki yake akasema huo ni uzushi mtupu, kwani Uganda haikupeleka hata kikosi kimoja cha jeshi lake. Wakawekeana dau, na dau lenyewe ni kahawa, ile ya kutafuna, kama ilivyo ada ya kwao. Sasa wananitaka mimi niwe mwamuzi.

Nilidhani ni jambo la dakika tano. Siku hizi mambo mengi ya serikali kubwa yamo katika mtandao wa intaneti, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anaweza kuona kwa saa moja yale ambayo zamani yalihitaji safari ya maktaba tatu. Nikatafuta, nikaipata orodha ya Wamarekani wenyewe, na jina la Uganda limo. Nilikuwa karibu kumwandikia yule bwana kwamba ameshinda. Kisha nikakuta orodha nyingine ya serikali ile ile, ya mwezi ule ule, ambayo jina la Uganda halimo. Hapo nikatambua kwamba ubishi wa Bukoba si mdogo kama nilivyoudhania. Unauliza jambo ambalo wanahistoria wenyewe hulipata kwa taabu: nchi inaposemekana kuwamo katika muungano wa majeshi, maana yake ni nini hasa?

Zamani kidogo swali hili lilikuwa jepesi. Chukua vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950. Nchi 16 zilipeleka askari wa kupigana upande wa Korea Kusini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Ethiopia ilipeleka vikosi vyake vilivyoitwa Kagnew, na zaidi ya askari 120 wa Ethiopia walikufa huko. Luxembourg, ambayo ni nchi ndogo sana ya Ulaya, ilipeleka askari arobaini na ushee kwa zamu. Ukiwa mkubwa au mdogo, ulihesabiwa kwa watu uliowapeleka, na hakuna aliyehitaji kuuliza kama Luxembourg ilikuwamo.

Mambo yakaanza kuwa na mizunguko katika vita vya Ghuba. Tarehe 2 Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 678 la kuruhusu nguvu zitumike, kwa kura 12 dhidi ya mbili, za Cuba na Yemen, huku China ikikaa bila kupiga upande wowote. Yemen iliponzwa na kura yake. Marekani ilikata msaada wake wa takriban dola milioni 70. Saudi Arabia, iliyoikasirikia Yemen tangu mwanzo wa mgogoro, ilikuwa imekwisha kuwaondolea wafanyakazi wa Kiyemeni nafuu waliyokuwa nayo ya kukaa nchini humo, na mamia ya maelfu yao walirudi kwao na mabegi mkononi. Serikali zote zikaona kwamba kuwa nje ya muungano nako kuna bei yake.

Muungano ule ulikuwa na nchi zaidi ya thelathini. Katika Afrika zilikuwamo Misri, Morocco, Senegal na Niger, miongoni mwa nyingine. Vita vya angani vilianza tarehe 17 Januari 1991, na mapigano yakasimamishwa tarehe 28 Februari. Gharama yake, kwa hesabu ya Marekani, ilikuwa takriban dola bilioni 61, na sehemu kubwa kabisa, bilioni 54 hivi, ilichangwa na wengine. Yaani Marekani ilipigana vita vikubwa na ankara ikalipwa na marafiki.

Miongoni mwa marafiki hao alikuwamo Mjapani. Katiba ya Japan iliyotungwa baada ya Vita Kuu ya Pili inaikataza kutumia vita kutatua migogoro, kwa hiyo haikupeleka askari. Ilitoa fedha, jumla ya dola bilioni 13 hivi, na wananchi wake wakatozwa kodi zaidi kwa ajili hiyo. Vita vilipokwisha, Kuwait ilitoa tangazo katika magazeti ya Marekani kuzishukuru nchi zilizoikomboa, moja baada ya nyingine kwa majina. Wajapani wakalisoma kutoka juu mpaka chini. Jina lao halikuwamo.

Huenda wewe utacheka, lakini Tokyo hakuna aliyecheka. Tangazo lile lilikuwa ukurasa mmoja tu wa gazeti, na bado limetajwa katika siasa za Japan kwa miaka mingi kila linapozungumzwa suala la majeshi. Mwezi Juni 1992 bunge la Japan lilipitisha sheria ya kuruhusu askari wake kushiriki katika shughuli za Umoja wa Mataifa za kulinda amani, na mwaka huo huo wakaenda Cambodia. Mwaka 2004 wakaenda mpaka Iraq yenyewe, katika mji wa Samawah, kwa kazi za ujenzi na maji. Sisemi kwamba tangazo peke yake ndilo lililofanya hayo. Lakini tangu wakati huo wanasiasa wa Japan wamekuwa wakilitumia kama ushahidi kwamba fedha bila askari hazimpatii mtu nafasi katika orodha.

Na wapo waliokuwa ndani ya orodha ile ile, wakasahauliwa kwa namna nyingine. Senegal ilipeleka askari 500 hivi Saudi Arabia. Tarehe 21 Machi 1991, vita vimekwisha kitambo cha wiki tatu, ndege ya jeshi la Saudi Arabia iliyowachukua askari wa Senegal waliokuwa wakirejea kutoka kuzuru Makka ilianguka karibu na Ras Mishab, wakati anga lilikuwa limejaa moshi wa visima vya mafuta vilivyokuwa vikiungua Kuwait. Walikufa Wasenegali 92, pamoja na Wasaudi sita walioiendesha ndege hiyo. Uingereza, ambayo jeshi lake lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la Senegal, ilipoteza watu 47 katika vita vile vyote. Fungua vitabu vinavyosimulia vita vya Ghuba uone Uingereza imepewa sura ngapi, na Senegal mistari mingapi.

Sasa tuje kwenye orodha ya watu wa Bukoba. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza zilitaka azimio jingine la Baraza la Usalama la kuruhusu kuivamia Iraq, hazikulipata. Azimio lilikuwa ndiyo hati ya uhalali, na hati ikikosekana, wingi wa marafiki ndio uliotafutwa badala yake. Rais George W. Bush na wasaidizi wake wakawa wanazungumzia muungano wa walio radhi. Tarehe 18 Machi 2003 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitaja nchi 30, na ikasema kuna nyingine 15 zinazounga mkono lakini zisizopenda kutajwa.

Naomba usikilize vizuri hapo. Nchi 15 zisizotajwa, na bado zinahesabiwa. Mtu akikwambia kwamba mahari imechangwa na watu arobaini na watano, kumi na watano kati yao hawataki kujulikana, utamwomba akuonyeshe fedha.

Katika nchi 30 za siku ile, mbili zilikuwa jirani zetu: Ethiopia na Eritrea. Hizi ni nchi zilizotoka kupigana baina yao, tangu mwaka 1998 hadi 2000, katika vita vilivyoua makumi ya maelfu ya watu, na mpaka wao ulikuwa bado una ugomvi. Kila moja ilikuwa na sababu ya kutokubali mwenzake awe rafiki wa Marekani peke yake. Siku chache baadaye orodha ilizidi kurefuka, na mwisho wa mwezi Machi ilifika nchi 49. Hapo ndipo unapoyaona majina ya Uganda, Rwanda na Angola. Tanzania na Kenya hazikuwamo.

Basi kati ya nchi hizo 49, ni ngapi zilizopeleka askari wa kuingia Iraq wakati wa uvamizi? Marekani, Uingereza, Australia na Poland. Denmark ilipeleka nyambizi na manowari. Poland ilikuwa na askari wasiofika 200. Nyingi ya nchi zilizobaki zilitoa ruhusa ya ndege kupita katika anga lao, au bandari, au ahadi ya kusaidia baada ya vita, au maneno mazuri tu. Uturuki ilikuwamo katika orodha tangu siku ya kwanza, na hali tarehe 1 Machi bunge lake lilikuwa limekataa majeshi ya Marekani yasipite nchini mwake kuingia Iraq kutoka kaskazini. Zilikuwamo Palau, Micronesia na Visiwa vya Marshall, ambazo hazina majeshi. Ilikuwamo Iceland, ambayo nayo haina jeshi. Ilikuwamo Costa Rica, iliyolivunja jeshi lake mwaka 1948 na kujivunia jambo hilo mbele ya dunia nzima.

Visiwa vya Solomon viliwekwa, Waziri Mkuu wake Sir Allan Kemakeza akasema serikali yake haina habari na jambo hilo na haitaki kuhusishwa nalo. Jina likaondolewa. Huko Costa Rica mwanafunzi mmoja wa sheria alikwenda mahakamani, na wengine pia wakapeleka malalamiko, kwamba serikali imekiuka katiba kwa kujiunga na vita visivyokubaliwa na Umoja wa Mataifa. Septemba 2004 mahakama ya katiba ilikubaliana nao, na serikali ikalazimika kuiomba Marekani ilifute jina la nchi. Iceland uamuzi ulifanywa na mawaziri wawili wakubwa bila bunge kuulizwa. Maelfu ya raia wakachanga fedha zao, na Januari 2005 wakatoa tangazo katika gazeti la New York Times kuwaomba Wairaki radhi na kutaka nchi yao iondolewe katika orodha.

Mimi napendezwa na watu hawa wa nchi ndogo. Hawakuwa na uwezo wa kuzuia kifaru kimoja kisiingie Baghdad. Lakini walielewa kwamba jina la nchi ni mali ya wananchi, na mtu hawezi kuliazima bila kuuliza.

Huko kufuta na kuongeza ndiko kunakotuletea shida sisi tunaotafuta historia katika kompyuta. Gazeti likishachapwa limechapwa. Ukikuta nakala yake ya mwaka 1991 katika maktaba, utasoma yale yale waliyoyasoma watu wa mwaka 1991, pamoja na makosa yake. Ukurasa wa intaneti ni kitu kingine. Mwenye nao anaweza kuubadilisha usiku, na asubuhi ukaonekana kama haujawahi kuwa vingine. Mwezi Novemba 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Scott Althaus na Kalev Leetaru, walitangaza kwamba walichunguza nyaraka za Ikulu ya Marekani zilizoorodhesha nchi za muungano wa Iraq. Walikuta orodha zinazopingana. Walikuta nyingine zimebadilishwa baadaye huku zikiendelea kubeba tarehe yake ya zamani, na nyingine zimeondolewa kabisa. Yaani waraka unaosema ni wa mwaka 2003 ulikuwa umetiwa mkono baada ya mwaka 2003.

Kwa bahati nzuri wapo wanaohifadhi nakala. Tangu mwaka 1996 kuna asasi huko San Francisco iitwayo Internet Archive, ambayo kazi yake ni kunakili kurasa za mtandao kadiri zinavyoonekana siku hiyo na kuziweka pamoja na tarehe ya kunakiliwa. Mtu yeyote anaweza kuzitazama bila malipo. Hifadhi ya Taifa ya Marekani nayo imeuhifadhi ukurasa wa Ikulu ya Bush kama ulivyokuwa alipoondoka Januari 2009, lakini hiyo ni picha ya siku ya mwisho. Haikuonyeshi Machi 2003 ilivyokuwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kujua nani alikuwamo asitosheke na ukurasa mmoja. Atafute nakala za siku mbalimbali, aziweke pamoja, atazame jina gani limeingia lini na limetoka lini. Tarehe hizo ndizo zenye habari.

Kisha atoke katika orodha za wenye vita, atafute za watu wengine. Wakati wa vita vya Iraq walikuwako raia wa kawaida, si maofisa wa serikali yoyote, walioweka katika mtandao hesabu ya askari wa muungano waliokufa, siku kwa siku, nchi kwa nchi. Hesabu ile, iliyojulikana kama iCasualties, ilitumiwa hata na magazeti makubwa. Wengine, wa Iraq Body Count, walianza mwaka 2003 kuhesabu Wairaki raia waliouawa, jambo ambalo majeshi ya muungano hayakutaka kulifanya hadharani. Ukitaka kujua muungano ulivyokuwa mnene au mwembamba, zitazame pia tarehe za kuondoka. Hispania iliondoa askari wake mwaka 2004 baada ya serikali mpya kuchaguliwa. Ufilipino iliwaondoa Julai mwaka huo ili kuokoa maisha ya dereva wake aliyetekwa. Kufika Agosti 2009 walibaki Wamarekani tu. Tarehe 1 Januari 2010 jeshi lile likaacha hata kuitwa la mataifa mengi.

Lakini sijamaliza na Uganda.

Nilisema Uganda haikupeleka kikosi. Hata hivyo, tangu mwaka 2005 hivi Waganda wakaanza kwenda Iraq kwa maelfu. Walikwenda kama walinzi wa kampuni binafsi zilizopewa kandarasi na jeshi la Marekani. Wengi wao walikuwa askari wa zamani au polisi wa zamani. Walisimama malangoni mwa kambi, wakikagua magari na watu, mahali ambapo mtu mwenye mabomu mwilini hukutana na mlinzi kwanza kabla ya kukutana na Mmarekani yeyote. Mwanzoni mishahara ilikuwa minono kwa kiwango cha Kampala. Kadiri waombaji walivyozidi, na kampuni zikaanza kutafuta watu Kenya na kwingineko, mishahara ikashuka. Nyumba zimejengwa Uganda kwa fedha za Iraq, ada za shule zimelipwa, na wengine wamerudi na viungo pungufu.

Watu hawa utawatafuta katika orodha gani? Katika ile ya nchi 49, iko Uganda bila wao. Katika hesabu za askari wa muungano hawamo, kwa sababu si askari wa jeshi la nchi yoyote. Kuanzia mwaka 2008 kamandi ya Marekani inayohusika na Mashariki ya Kati imekuwa ikitoa kila miezi mitatu hesabu ya wafanyakazi wa kandarasi. Inawagawa makundi matatu: Wamarekani, wenyeji wa nchi yenyewe, na raia wa nchi ya tatu. Mganda ni raia wa nchi ya tatu, yuko kundi moja na Mnepali na Mfilipino, na hesabu haisemi ni Waganda wangapi. Wizara ya Kazi ya Marekani nayo inatoa orodha ya madai ya fidia, imepangwa kwa majina ya waajiri. Utaona kampuni fulani, wafu kadhaa, majeruhi kadhaa. Walikuwa watu wa wapi, huambiwi.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu huenda anayenisikiliza ana ndugu aliyepitia huko. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayomtaka mwajiri mwenye kandarasi ya kijeshi nje ya Marekani kumkatia bima kila mfanyakazi wake, hata kama si Mmarekani. Akiumia kazini ana haki ya matibabu na fidia, na akifa wanaomtegemea wana haki. Wengi waliorudi hawakuambiwa hayo, au waliambiwa kwa karatasi ya Kiingereza kirefu uwanjani wakati wa kupanda ndege. Madai yana muda wake, kwa hiyo aliye na jambo kama hilo asikae nalo, amtafute wakili anayeijua sheria hiyo.

Je, mchezo huu wa orodha ulikwisha na Iraq? Tutazame bahari yetu wenyewe. Mwezi Desemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipokuwa wakizishambulia meli katika Bahari ya Sham, Marekani ilitangaza muungano wa kulinda njia ile. Zilitajwa nchi kumi, na miongoni mwake Shelisheli. Watu wa Victoria wakashangaa, maana visiwa vyao havina jeshi la maji la kwenda kupambana na makombora. Serikali ya Shelisheli ikatoa maelezo kwamba mchango wake ni kupeana habari tu, na kwamba haitapeleka meli wala askari. Baada ya siku chache Marekani ikasema muungano umefika nchi zaidi ya 20, lakini baadhi yake hazipendi kutajwa. Niliposoma hayo niliirudia tarehe, nikidhani nimeshika karatasi za Machi 2003.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Washington peke yake. Sisi nasi tumekuwa na miungano. Ikiwa ni jeshi la Umoja wa Mataifa, habari zake zinapatikana kwa urahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kila mwezi Umoja wa Mataifa hutoa jedwali la idadi ya askari na polisi wa kila nchi katika kila shughuli zake, wanaume na wanawake. Hutoa pia hesabu ya waliokufa, kwa nchi na kwa mwaka. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wa Tanzania huko Semuliki, wilaya ya Beni, katika Kongo, iliposhambuliwa, vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa. Taifa lililia, miili ililetwa nyumbani, na vifo vile vimo katika hesabu ambayo mtoto wa shule mwenye simu anaweza kuifungua leo.

Huko Somalia mambo yalikuwa tofauti. Jeshi la Umoja wa Afrika, AMISOM, liliingia Machi 2007 likiwa na askari wa Uganda, wakafuata Warundi mwishoni mwa mwaka huo, na baadaye Djibouti, Kenya, Sierra Leone na Ethiopia. Lilidumu miaka 15, mpaka lilipobadilishwa jina mwaka 2022. Idadi ya waliopelekwa na kila nchi ilijulikana, kwa kuwa fedha za posho zilifuata idadi hiyo. Idadi ya waliokufa ilikuwa shauri la kila serikali, na serikali ziliona ni afadhali kunyamaza. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya huko El Adde ilivamiwa alfajiri. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alisema mwezi uliofuata kwamba waliokufa walikaribia 200. Serikali ya Kenya haikutoa hesabu kamili. Wazazi walizika, kila mmoja kijijini kwake, bila kujua jeneza la mwanawe lilikuwa la ngapi.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alikuwamo, siku hizi nauliza maswali manne badala ya moja. Nani aliandikwa? Nani alilipa? Nani alikwenda? Nani hakurudi? Japan ililipa, haikuandikwa. Senegal ilikwenda, na wengi wake hawakurudi. Visiwa vya Solomon viliandikwa bila kuulizwa. Na Waganda walikwenda kwa mlango wa nyuma baada ya nchi yao kuandikwa kwa mlango wa mbele.

Bwana wa Bukoba, wewe ulisema Uganda ilikuwamo, na jina lake lilikuwamo kweli, ingawa halikuwa katika orodha ya tarehe 18 Machi bali katika zilizofuata. Mwenzako alisema jeshi la Uganda halikwenda, na kweli halikwenda. Kahawa ninyi gawaneni. Ila katika barua yako, pale chini kabisa, umeniambia kwamba kijiweni kwenu anakuja pia bwana mmoja wa ng'ambo ya mpaka, aliyefanya kazi ya ulinzi Iraq miaka miwili, na kwamba siku ya ubishi alikuwa amekaa kimya akiwasikiliza. Hamkumuuliza neno. Muulizeni alisimama lango gani, alikuwa na wenzake wangapi, na wangapi walirudi naye, kisha mniandikie.